Jozi ya Kumi na Saba

Maneno haya niliyatoa kwa wahitimu wa ufundi wa mawasiliano katika chuo kimoja hapa Tanga. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikapunguza vikohozi na pale niliposahau nilikuwa nasema nini.

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi mliotoka mbali, na nyinyi vijana mliovaa majoho kwenye joto hili: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na nyote habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie mustakabali wa mawasiliano. Mimi ni fundi simu mstaafu. Mustakabali siujui. Ninachokijua ni kilichokuwa ndani ya kabati la simu la barabarani, lile la chuma ambalo mbuzi walijikunia mchana na vijana wakalikalia jioni. Basi nitazungumza habari za ndani ya kabati, na Mkuu wa Chuo atanisamehe.

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini. Siku hiyo saa kumi na moja jioni, wingu limetanda, nipo mbele ya kabati peke yangu. Kulikuwa na mteja mmoja, mwenye duka la mbao, simu yake inakoroma. Nikafungua, nikakuta jampa, vile vijiwaya vya kuunganisha laini ya mteja na kebo ya kituo, zimerundikana kama tambi kwenye sinia la futari. Ili nipate nafasi ya mkono nikachomoa mbili: ya yule wa mbao na nyingine iliyokuwa jirani yake. Nikasafisha, nikarudisha zote mbili. Nikapiga nambari ya duka la mbao kwa simu yangu ya kupimia. Ikaita. Nikafunga kabati nikakimbia mvua.

Ikaita, ndiyo. Sikujiuliza inaita wapi.

Siku ya tano akaja ofisini bibi mmoja, kajifunga kanga vizuri, ana daftari la shule mkononi, lile la kurasa arobaini. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi wa ile kabati ya kule kwetu?"

"Ndiye mimi."

"Basi shika hii. Hawa wote wanataka mbao."

Nilifungua daftari. Kapiga mistari kwa rula. Siku, saa, jina la aliyepiga, anachotaka. Mbili kwa nne, futi kumi na mbili, vipande ishirini. Mninga, kwa ajili ya kitanda, aulizwe bei. Fundi fulani anasema deni atalipa Ijumaa. Kurasa sita. Mwenye duka naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa kwa siku tano anapokea salamu za wajukuu kutoka Muheza na Dar es Salaam, na mmoja wao alimwomba hela ya viatu.

Nilizirudisha zile jampa mahali pake siku ileile. Lakini daftari lilinikaa moyoni. Bibi ambaye hajawahi kushika bisibisi alikuwa na kumbukumbu safi kuliko fundi aliyepelekwa kozi. Mtu yeyote angelichukua lile daftari, hata asiyemjua bibi wala mwenye mbao, angejua la kufanya. Kabati langu lilimtaka mtu mmoja tu duniani, mimi, na hata mimi lilinishinda.

Tangu hapo naitazama historia ya simu kwa jicho jingine. Watu humsifu aliyewezesha sauti ipite kwenye waya. Nami namheshimu. Ila wanaonigusa zaidi ni waliobuni vitu vidogo vya kumwezesha fundi mgeni, aliyekuja usiku na tochi mdomoni, ajue waya huu ni wa nani.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wazazi wametoa ada. Baada ya Alexander Graham Bell kupata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1876, simu za mwanzo zilikodishwa mbili mbili: moja nyumbani, moja dukani, waya katikati. Ukitaka kuongea na mtu mwingine, uvute waya mwingine. Watu kumi wakitaka kila mmoja amfikie mwenzake, laini 45. Watu mia moja, laini 4,950. Mtaa wa watu mia ungekuwa giza saa sita mchana.

Dawa yake ilikuwa kila waya uende mahali pamoja, na hapo akae mtu wa kuunganisha. Januari 1878, mjini New Haven, Connecticut, nchini Marekani, George Coy alifungua ubao wa kwanza wa kibiashara wa kuunganishia simu. Wateja 21. Inasimuliwa kwamba aliuunda kwa boliti za magari ya farasi na waya uliotoka kwenye magauni ya kina mama, ule wa kutunishia sketi kwa nyuma. Msicheke. Nani kati yetu hajaokoa laini ya mtu kwa waya wa hanga? Mwezi uliofuata wakachapisha orodha ya wateja: karatasi moja, majina hamsini, na hakuna nambari hata moja. Opereta aliwajua watu kwa majina, alijua waya wa daktari, waya wa mchinja nyama, waya wa polisi.

Hapo ndipo hadithi ninayoipenda kuliko zote inapoanza. Mwaka 1879 mji wa Lowell, Massachusetts, uliingiliwa na surua. Daktari mmoja wa pale, Moses Greeley Parker, akawaza kama daktari: maopereta wetu ni wanne. Wakilala wote kwa wakati mmoja, atakayekaa kwenye viti vyao atajuaje waya upi wa nani? Akashauri kila mteja apewe nambari. Wenye kampuni waliogopa wateja wataona wamedharauliwa, kuitwa nambari kama mahabusu. Wateja hawakujali.

Kwa hiyo nambari ya simu, hiyo mnayopeana kwa aibu mkiwa mnachumbiana, ilibuniwa kwa ajili ya mgeni atakayekalia kiti cha mgonjwa wa surua. Aliyempigia simu mchinja nyama hakuihitaji. Alikuwa anasema tu jina lake.

Plagi na tundu lake navyo vina wenyewe. Charles Scribner, mhandisi wa kiwanda cha Western Electric kule Chicago aliyekuja kuwa na hataza zaidi ya 400, alibuni swichi ya kuunganishia ambayo umbo lake lilikumbusha kisu cha kukunja. Kwa Kiingereza kisu hicho kinaitwa kwa jina la mtu, Jack, na jina likang'ang'ania: jeki. Plagi yake ilikuwa na ncha mbele, kisha pete, kisha mwili. Wamarekani hadi leo wanaziita nyaya mbili za simu ncha na pete, ingawa plagi yenyewe hawajaiona ubaoni miaka mingi. Sisi tuliofundishwa kwa vitabu vya Uingereza tuliziita A na B. Lakini plagi ile ya robo inchi haijafa. Mkienda harusini usiku wa leo mtazameni mpiga kinanda wa taarab anapochomeka waya wake kwenye amplifaya. Hiyo ndiyo plagi ya opereta, ya karne ya kumi na tisa, na inafanya kazi ileile.

Kuhusu mitambo ya kujiunganisha yenyewe bila opereta, kuna Almon Strowger, mwenye biashara ya kuzika watu kule Kansas City, aliyepata hataza mwaka 1891 kwa sababu, inasemekana, opereta alikuwa anawapeleka wafiwa wake kwa mshindani. Mengi yameandikwa juu yake. Mimi narudi kwenye nyaya.

Nyaya zilikuwa angani. Mjini Stockholm walijenga mnara mwaka 1887 juu ya jengo la simu, na zaidi ya laini 5,000 zikakutana pale kutoka kila paa la mji. Mkiwa na bando tafuteni picha zake. Utando wa buibui ni cha mtoto. New York nako nguzo zilibeba mikono juu ya mikono, mpaka Machi 1888 dhoruba ya theluji ilipoangusha sehemu kubwa, na mji ukakaza uzi kwamba nyaya zishuke ardhini.

Kushuka ardhini ni rahisi kusema. Nyaya zikikaa karibu karibu ndani ya kebo moja zinaanza kusengenyana. Maneno ya laini hii yanasikika kwenye laini ile. Mwanzoni simu nyingi zilitumia waya mmoja tu, na ardhi ikawa ndiyo waya wa kurudia. Tramu za umeme zilipokuja, laini zikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Jibu alikuwa ameshalitoa Bell mwenyewe, hataza ya mwaka 1881: weka nyaya mbili, uzisokote pamoja, ziwe jozi.

Hapa pwani hatuhitaji kuelezwa kusokota. Tumeona kamba ya usumba. Ila sababu ni nyingine. Kelele ikija kutoka nje inazigusa nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa kuwa zinapishana, mara huyu karibu mara yule. Mwisho wa laini kinachosikika ni tofauti kati ya nyaya hizo mbili. Kelele iko sawa kwa zote, tofauti yake ni sifuri, imejifuta yenyewe. Hakuna betri, hakuna kifaa. Ni msokoto tu. Ndio maana walimu wenu wanapiga kelele mnapofumua jozi sentimita tano ili mfike vizuri kwenye soketi. Kiwango kinasema usifumue zaidi ya milimita 13. Ukifumua umemfungulia adui mlango. Na mkichuna kebo ya mtandao tazameni kwa makini: kila jozi kati ya zile nne imesokotwa kwa kasi yake, nyingine imebana, nyingine imelegea. Zingekuwa na msokoto mmoja, zingesengenyana zenyewe kwa zenyewe.

Sasa rangi. Naomba tuseme pamoja, na wazazi pia.

Kebo za zamani nilizozikuta zilikuwa na madini ya risasi nje na karatasi ndani. Kila waya umevikwa karatasi. Unafungua kebo ya jozi mia kadhaa unakutana na kichwa cha mzee mwenye mvi: zote zinafanana. Mzee aliyenifundisha alikuwa anakaa ndani ya shimo upande huu anagusisha waya mmoja mmoja, mwenzake yuko shimo la mbele anasikiliza, mpaka adhana. Na maji yakiingia tundu dogo kama la sindano, karatasi inanywa, kebo nzima imekwisha.

Plastiki ilipochukua nafasi ya karatasi, miaka ya 1950, haikuleta ukavu tu. Ilileta rangi. Na watu wa simu wakakaa wakapanga rangi hizo kwa akili ambayo mimi naiweka pamoja na alfabeti. Rangi tano za kwanza: nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau. Rangi tano za pili: bluu, machungwa, kijani, kahawia, kijivu. Kila jozi ina moja ya kundi hili na moja ya kundi lile. Tano mara tano, jozi 25. Jozi ya kwanza nyeupe na bluu. Ya pili nyeupe na machungwa. Ya tano nyeupe na kijivu. Ya sita unahamia nyekundu, unaanza tena bluu. Ya mwisho, ya 25, zambarau na kijivu.

Kebo ikiwa kubwa zaidi, kila kundi la jozi 25 linafungwa utepe wenye rangi mbili kwa mpangilio uleule: kundi la kwanza utepe mweupe na bluu, na kuendelea. Makundi 24 yakijaa una jozi 600, na kila moja ina jina lake bila mtu kuandika herufi. Fundi asiyejua kusoma anaweza kuifanya kazi hiyo. Fundi wa Tanga na wa Chicago, hawajuani, hawaelewani lugha, watakubaliana ipi ni jozi ya kumi na saba.

Nilikuwa nawapima vijana wapya kwa swali hilo. Jozi ya kumi na saba ni rangi gani? Naona kuna mnaohesabu kwa vidole. Hesabuni, nitarudi.

Kebo ikifika kwenye kituo cha simu inapanda kutoka chini na kuingia kwenye fremu kuu. Sisi tuliiita MDF, na mke wangu alidhani ni jina la mtu kwa jinsi nilivyomtaja usiku. Ni uzio mrefu wa chuma. Upande mmoja nyaya za mitaani zimesimama wima kwa mpangilio wa kebo. Upande wa pili nyaya za mtambo zimelala kwa mpangilio wa nambari. Katikati kuna jampa, waya mwembamba unaotoka huku kwenda kule. Ubunifu wake wote uko katika kutounganisha moja kwa moja. Mteja akihama kutoka Chumbageni kwenda Makorora na anataka nambari yake ileile, hugusi kebo wala mtambo. Unavuta jampa moja, unaweka nyingine, unaandika. Kabati la mtaani ni fremu hiyohiyo kwa udogo. Na DP, kile kisanduku cha juu ya nguzo, ni mjukuu wake.

Naomba mzingatie neno "unaandika". Februari 27, 1975, moto uliwaka kwenye chumba cha kebo, chini ya jengo la simu la Second Avenue mjini New York. Takriban simu 170,000 zilikufa, na hospitali na vituo vya polisi humo. Walijenga fremu kuu mpya, wakaunganisha upya, na huduma ikarudi baada ya siku 23. Watu wakisimulia moto huo wanasifu maelfu ya mafundi waliolala palepale, na wanastahili. Mimi huwa nafikiria karatasi. Maelfu ya mafundi bila daftari la jozi wangekuwa soko la Mgandini siku ya sikukuu.

Sasa naomba kisanduku changu. Ahsante, kijana.

Hiki mnakijua: kipande cha Krone, cha kuunganishia nyaya, cha jozi kumi, na hii ndiyo panchi yake, ya kusukumia waya ndani. Wengi wenu mmeshapiga Krone mara elfu, lakini nani ameshakitazama kwa ndani? Zamani kuunganisha waya na kituo chake, yaani pale unapofungwa, kulikuwa na njia mbili. Moja, kuyeyusha lehemu, na kazi hiyo juu ya nguzo upepo ukivuma ni adhabu. Mbili, skrubu: chuna plastiki, zungusha waya, kaza. Ukichuna vibaya unakwaruza shaba, na waya unakatika wiki mbili baadaye. Na kwa hapa kwetu kulikuwa na adui wa tatu, chumvi. Upepo wa bahari unaingia kwenye skrubu, shaba inaota ukijani, laini inaanza kukwaruza. Nilifanya kazi ufukweni miaka mingi, na nusu ya kazi ilikuwa kukwangua ukijani.

Waliotafuta njia ya tatu walijiuliza kwa nini tuichune plastiki kabisa. Wakatengeneza kituo chenye meno mawili ya chuma yanayoelekeana, nafasi kati yake ni nyembamba kuliko waya. Unalaza waya juu na plastiki yake, unausukuma chini kwa nguvu. Meno yanakata plastiki kushoto na kulia na kuiuma shaba yenyewe. Yanaibana kiasi kwamba hewa haipiti pale yanapogusana, na pasipopita hewa ukijani hauoti. Western Electric walitoa kituo chao cha aina ya 66 mwaka 1962, ndicho kilichojaa Marekani. Krone wa Berlin wakaja na hiki. Meno yake yamekaa mshazari, nyuzi 45, ili yaume bila kuukata waya katikati, na plastiki ya pembeni inaushika usitikisike. Wameandika juu yake herufi tatu, LSA. Niliuliza miaka mingi maana yake, kila mtu ananiambia ni jina la kiwanda. Mjerumani mmoja aliyepita ofisini ndiye aliyenicheka. Ni Kijerumani: bila kulehemu, bila skrubu, bila kuchuna.

Sogeeni mbele kidogo, msikilize.

Mmesikia? Tak, halafu tak nyingine ndogo. Ya kwanza waya umezama. Ya pili mkasi wa panchi umekata kipande kilichozidi. Sekunde moja. Ukiigeuza panchi vibaya, upande wa mkasi ukawa ndani, unajikatia waya wako mwenyewe na hujui mpaka upime. Mmecheka kwa hiyo mmeshafanya.

Ndugu zake ni vile vifungo vya 3M, vidogo kama kifungo cha koti, vina jeli ndani. Unaingiza waya mbili, unabonyeza kwa koleo, jeli inachuruzika kidogo pembeni, umemaliza kiungo ambacho mvua ya masika haikigusi. Nimerudi nyumbani mara nyingi mikono inateleza kwa jeli ile, nashindwa kushika kikombe cha chai.

Naona saa. Mwalimu wa maabara aliniomba nijibu swali moja ambalo anasema mnamuuliza kila mwaka. Kwenye plagi ya RJ45, ile ya kebo ya mtandao, kwa nini jozi ya kijani imetenganishwa? Machungwa wako pamoja, moja na mbili. Kahawia wako pamoja, saba na nane. Bluu pamoja katikati, nne na tano. Kijani, mmoja ametupwa namba tatu na mwenzake namba sita, kama ndugu waliogombania shamba.

Sababu ni simu. Soketi ya mtandao ilirithi mpangilio wa soketi ya simu, na soketi ya simu ilipangwa kutoka katikati kwenda nje. Laini ya kwanza, vijiti viwili vya katikati. Laini ya pili, viwili vinavyozunguka hivyo. Ndiyo maana nne na tano ni jozi, na tatu na sita zikawa jozi nje yake, ili simu ya kawaida ikichomekwa ikute laini yake mahali palepale. Ukipanga kwa macho, ukaweka kijani tatu na nne, bluu tano na sita, kila waya utafika upande wa pili na kipimo cha taa kitakuwakia kijani vizuri kabisa. Lakini ishara itakuwa inapita kwenye nyaya mbili zisizosokotwa pamoja, msokoto wa Bell umekwenda na maji, na mteja atakwambia intaneti inasuasua. Utabadilisha swichi, utabadilisha kompyuta, utamlaumu mtoa huduma. Kosa liko kwenye plagi, sentimita mbili kutoka puani kwako.

Wengine mtaniambia, mzee, shaba imekufa, sisi ni watu wa faiba. Sawa. Kebo za mbali si ngeni kwetu: mwaka 1879 waya wa telegrafu ulifika Unguja kutoka Aden kwa njia ya bahari, miaka mitatu tu baada ya hataza ya Bell. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ikafika Mombasa na Dar es Salaam, na safari hii ni kioo. Kioo chenye unene wa mikroni 125, yaani sehemu 125 za elfu za milimita, pamoja na gamba lake, njia ya mwanga katikati yake mikroni kama tisa. Hakiumwi kwa meno, kinachomelewa kwa cheche ndani ya mashine. Mikono yangu ya sasa haiwezi.

Lakini fungueni kebo ya faiba ya nyuzi 12 mtazame rangi zake kwa mpangilio. Bluu, machungwa, kijani, kahawia, kijivu. Nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau. Kisha wakaongeza mbili, waridi na feruzi, kwa sababu kumi hazikutosha. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa nilimwambia yule kijana anipishe, nikazihesabu mwenyewe bila miwani.

Haya, kumi na saba. Nani amepata? Yule binti nyuma kabisa, simama mama, sema kwa sauti.

Njano na machungwa. Hasa. Kumi na sita njano na bluu, kumi na saba njano na machungwa. Mpigieni makofi.

Binti, usikae. Nilipokuwa napita kwenye korido yenu asubuhi kuja hapa, niliona kabati la mtandao la chuo, karibu na ngazi. Limebandikwa kikaratasi: USIGUSE. Nikauliza ndani kuna nini, nikaambiwa aliyelifunga alishahama na hakuna anayejua. Nimefungua kidogo. Nyaya kama arobaini hivi, zote za bluu, hakuna lebo hata moja. Nimeongea na Mkuu wa Chuo, ameniruhusu, na funguo ninayo hapa. Chakula kitachelewa saa moja, wazazi mtuwie radhi. Wewe binti utashika kalamu na daftari, wengine wawili wa nguvu wabebe kipimo na ngazi, majoho vueni muache hapa kwenye viti. Hatuchomoi kitu mpaka kimeandikwa. Twendeni.